Kompyuta Iliyolala Babu Akibariki

Boaz chakula hakimpiti, na sababu anaijua mwenyewe. Fundi kompyuta mzima, anayesifiwa Geita yote, amemponza babu yake!

Babu Masalu wa Samuye alikuwa na uvimbe kooni. Madaktari hawakumficha: akipasuliwa, sauti hairudi tena. Mzee akasema sawa, lakini kwanza ambariki mjukuu wake Limi, mdogo wake Boaz, aliyekuwa karibu kuolewa. Boaz akaitwa aje na laptop arekodi.

Umeme wa kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo alikuwa ameipangia mashine ibane chaji: isipoguswa dakika tano, ilale yenyewe. Mpango huo alijisifia kwa kila mteja, na siku ile akausahau. Mzee akamwaga maji na unga chini, akaanza kuwaita wazee waliotangulia, mmoja mmoja. Akisema nao, kwa mila yao hakuna anayefungua mdomo wala kujikuna, sembuse kugusa mashine. Kioo kikawa cheusi. Boaz akajiambia kimezima kioo tu. Kumbe mashine imelala fofofo! Yenyewe inangoja vidole, sauti ya mzee haina habari nayo.

Baadaye akaona faili lipo, akaridhika. Hakulisikiliza. Uzembe gani huo, jamani? Alikuja kulisikiliza babu ameshapasuliwa. Majina ya ukoo yalikuwamo, mpaka la marehemu baba yao. Pale lilipopaswa kufuata la Limi, basi, hakuna kitu.

Angesema mapema. Akaogopa aibu, akanyamaza mpaka siku ya kumuaga bibi harusi. Limi akapiga magoti mbele ya spika, babu kaketi kando, Boaz akachomeka flashi yenye rekodi ile. Ukoo ukaitwa, akaitwa baba, Limi akainamisha kichwa. Kimya.

"Flashi imeingia virusi," Boaz akasema.

"Pole kaka," Limi akajibu, bado kapiga magoti. "Si kosa lako."

Heri angemtukana! Boaz akashindwa kuvumilia, akajitupa chini karibu na kiti cha babu.

"Babu, nisamehe! Si virusi, ni mimi!"

Ndipo akamtazama usoni. Mzee alikuwa amefumba macho, midomo inacheza bila sauti, anaimalizia baraka pale ilipokatika. Kelele za Boaz zikamgutusha. Midomo ikasimama, na hakuna aliyejua kama jina la Limi lilikuwa limeshatajwa.