Jina Langu Kwenye Filamu ya Vita

Hapa Garsen mtu akitaka kuninyamazisha huniuliza tu ile filamu ya vita iliishaje, nami nashika simu kana kwamba imelia, maana aibu niliyoipata siku ile sijaimaliza hadi leo.

Kazi yangu, kama mnavyojua, ni kutafsiri filamu katika banda letu la video, mimi na rafiki yangu Godana, yeye akishughulika na jenereta na mlango, mimi nikishika maikrofoni na kugeuza Kihindi na Kichina kuwa Kiswahili (Kihindi chenyewe sikijui, lakini nani ataniuliza?), na wahusika wote nawapa majina ya watu wa hapa hapa, kwa sababu bila hivyo watu hawacheki, na wasipocheka hawarudi. Sasa mwalimu mmoja wa sekondari akatuletea filamu ya Ulaya, ya vita vya zamani, iliyotolewa kwenye riwaya anayoipenda sana, akanisihi niitazame yote kwanza. Nikasema sawa, mwalimu. Nikatazama mwanzo tu, nikaona wazee wawili majirani, mmoja ana ng'ombe, mwingine ana shamba la ngano, wanagawana mkate na kutaniana, nikaona hii rahisi, nikaenda zangu kula samaki.

Alasiri ya kuionyesha, Godana akamleta mama yake. Hilo mlielewe vizuri. Wao ni wafugaji, sisi ni wakulima wa mtoni, na tangu mwaka ule wa mapigano, walipochomewa nyumba wao na tukachomewa sisi, mama huyo hakuwahi kukaa chumba kimoja na watu wa upande wetu. Godana alikuwa amembembeleza sana. Nilimwamkia, nikampa kiti cha mbele, kichwa kikanivimba, nikajiambia leo nitamfurahisha. Basi mwenye ng'ombe nikamwita Godana, na mwenye shamba nikampa jina langu mwenyewe, Komora.

Watu walicheka, jamani. Mama alijifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika, na Godana pale mlangoni alinitazama kwa furaha ambayo nikiikumbuka sasa naumia.

Halafu wanajeshi wakaingia kijijini. Yule mwenye shamba akawafuata nyuma ya ghala, akamnong'oneza mkubwa wao, akanyoosha kidole kwenye nyumba ya jirani yake. Maandishi ya Kiingereza yakapita pale chini, nikayasoma, kumbe anamchongea jirani yake. Nikaishusha maikrofoni. Mtu wa nyuma akauliza Komora anasemaje, na hapo ningeweza kusema maikrofoni imeharibika, ningeweza hata kujifanya nimezirai, lakini mdomo wangu haujui kupumzika, nikasema Komora anawaambia askari kwamba kuna ng'ombe waliopotea, waende kwa rafiki yake wakawatafute.

Wakaenda. Wakamburuta yule mzee, wakaichoma nyumba yake, na Komora wangu akasimama kwenye ngano anatazama. Nikajaribu kusema huyu si Komora, ni pacha wake (naapa nilisema hivyo), na hakuna aliyecheka. Godana akazima jenereta.

Mama akainuka taratibu, akatafuta viatu vyake, akaja kusimama mbele yangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mwanangu," akasema, "na sisi, waliokuja kutuchomea walituambia hivyo hivyo, kwamba wanatafuta ng'ombe waliopotea."

Nilitaka kumwambia sikujua, lakini alikuwa ameshatoka, na watu walikuwa wananitazama kama wanaonifahamu kwa mara ya kwanza.

Siku hizi kila filamu naitazama hadi mwisho, na jina la mtu wa hapa sitoi tena, wacha waitwe walivyoitwa na mama zao hata kama ulimi wangu unashindwa. Godana bado tunafanya kazi pamoja na tunasalimiana vizuri. Ila nikimwuliza habari za mama yake, hunijibu hajambo, kisha huenda kuangalia mafuta ya jenereta, hata kama ameyajaza sasa hivi.