Matabishi ya Kipeuo

Darasa la kompyuta pale mtaa wa Nyamityobora lilikuwa limebakiza nafasi moja ya bure, na tuliokuwa tukiitaka tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mnyankore mpole, mwenyeji wa huko. Mimi nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na maneno mengi. Nilikuwa nimeshatangaza kanisani kwamba nafasi ni yangu, kwa hiyo kushindwa kungeniua kwa aibu.

Mtihani ulikuwa kuandika programu ya kutafuta kipeuo cha pili, bila kutumia ile iliyomo tayari kwenye mashine. Njia niliijua: kisia jibu, gawanya namba kwa kisio hilo, chukua wastani wa hizo mbili, rudia. Nikaiamuru programu isimame pale tu jibu likizidishwa kwa lenyewe litakapotoa namba ileile. Sisi walokole hatujui mambo ya karibu-karibu! Nikaipa mbili, ikazunguka bila kusimama. Kompyuta hukata mkia wa desimali, kwa hiyo mbili kamili haikurudi kamwe.

"Wewe, hii mashine unapikia chai?" mwalimu akauliza, akiigusa ilivyopata moto.

Nikakumbuka matabishi, ile nyongeza ambayo sisi Wakongomani humpa mnunuzi juu ya kipimo. Nikairuhusu programu ikosee kwa sehemu moja ya milioni. Kwa mbili ikajibu vizuri, nami nikamkonyeza mwenzangu kwa dharau. Ndipo mwalimu akaingiza moja iliyogawanywa kwa bilioni kumi. Jibu likatoka kubwa karibu mara mia kuliko la kweli. Mwenzangu akacheka, na haki alikuwa nayo. Mwalimu akatupa muda mpaka baada ya chakula cha mchana.

Nikampigia mama, aliyekuwa akiuza maharagwe na chumvi sokoni Nakivale, nikamlilia kwamba matabishi imenisaliti: namba kubwa na ndogo nimezipa nyongeza ileile.

"Unapimaka aje, weye?" akasema. "Mutu akinunua kijiko ya chumvi, utamupa matabishi ya gunia? Atabeba meza yote! Matabishi inafwataka kipimo."

Kumbe nyongeza yangu ilikuwa kubwa kuliko namba yenyewe. Nikaigeuza iwe sehemu ya namba inayoulizwa: ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa. Kila namba aliyoleta mwalimu ikajibiwa sawasawa.

Ya mwenzangu ikakosea zile ndogo sana, basi mwalimu akanipa nafasi, kisha akauliza mbele ya wote ni nani aliyenifundisha hilo. Nikasema nililisoma katika kitabu cha Kifaransa.

Jioni nikamweleza mama kwa simu kwamba nimepata. Akapiga vigelegele, halafu akauliza polepole:

"Ulimuambia mwalimu ni miye nilikufundisha?"

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata simu.