Nahodha Verlin na Mti wa Dada Yake

Mungu alipoiumba pwani ya Bandari ya Tibbett, huko Maine, alikuwa na misonobari ya kumwaga, na akaimwaga. Kijani Januari, kijani Julai, kijani Oktoba, kijani mpaka siku ya kiama. Sasa mtu anayeishi mahali kama hapo atauza nini? Verlin Stinchfield aliuza majani mekundu, yale ambayo miti isiyo misonobari huyavaa kila Oktoba kabla ya kuyapukutisha.

Tangazo lake mtandaoni lilisema: "Safari ya Faragha ya Boti Kutazama Majani ya Vuli, Pwani ya Kihistoria." Faragha ilikuwa kweli, maana leseni yake ilimruhusu abiria sita tu na mara nyingi walikuja wawili. Pwani nayo ilikuwepo, hilo hakuna wa kulipinga. Historia aliitengeneza mwenyewe kila asubuhi akinywa kahawa. Yaliyobaki ni majani. Na wekundu wote wa maana, katika maili tisa za safari ile, ulikuwa juu ya mti mmoja wa mepo, kwenye rasi ya mashariki, mbele ya nyumba ya dada yake Arvilla. Arvilla alikuwa hajasema naye kwa miaka kumi na moja.

Verlin alizaliwa katika nyumba hiyo hiyo. Akiwa na miaka kumi alishakuwa na mitego yake ya kamba koche. Alipofika sitini goti la kushoto liliomba kustaafu, na la kulia likaunga mkono hoja. Mkewe Myrna alikwenda Florida kupumzisha kifua wakati wa baridi. Kifua kikapapenda, hakurudi. Boti bado inaitwa Myrna, kwa sababu kubadili jina la boti ni mkosi, na rangi ni ghali. Basi Verlin akachukua leseni ya abiria, akafunga viti vyenye mito pale ilipokuwa ikipangwa mitego, akasugua sitaha kwa sabuni ya limau mara saba. Siku za joto wateja walinusa chambo hata hivyo. Aliwaambia hiyo ni harufu ya historia.

Watu wa nje hudhani ndugu wasiosemezana huwa hawasemi. Sivyo. Bandari ya Tibbett, wasiosemezana husema sana, ila kwa kupitia mtu. Arvilla alikuwa akisimama dukani kwa Winona, hatua mbili kutoka kwa ndugu yake, na kusema: "Winona, mwambie yule bwana gari lake limeziba langu."

"Verlin, gari lako limeziba lake," angesema Winona, bila kuinua macho kutoka kwenye jibini anayokata.

"Mwambie ninatoka sasa hivi."

"Anatoka sasa hivi."

"Mwambie sasa hivi yake naijua. Namfahamu tangu anyonye."

Chanzo cha ugomvi wao kilikuwa maharagwe. Anayecheka hajawahi kula chakula cha Jumamosi katika ukumbi wa kanisa lile. Maharagwe huloweshwa Ijumaa usiku, huingia jikoni alfajiri pamoja na nyama ya mafuta na molasi ya miwa, na hutoka jioni. Kila mama ana chungu chake, na chungu kinajulikana kama sura ya mtu. Cha Arvilla kilikuwa cha marehemu mama yao. Jumamosi ile Verlin alionja, akainua kijiko juu, akasema mbele ya watu sitini: "Mama aliyapika kwa muda wa saa kumi na mbili nzima. Haya yamepikwa muda wa kufungua kopo."

Ukumbi ukaangua kicheko mpaka mabenchi yakalia. Ubaya wa mzaha ule ni kwamba ulikuwa kweli. Arvilla alikuwa amefungua makopo. Mumewe Royce alikuwa amelazwa mjini, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi, na mama wa watu alikuwa ameendesha gari siku tano mfululizo. Akaona aibu kanisa likose chungu chake. Jumatatu Royce akafa. Wiki ya kwanza kijiji kilikuwa upande wa Arvilla. Wiki ya pili kilikuwa upande wa Arvilla. Mpaka leo kipo hapo hapo.

Naye Verlin, badala ya kutafuta neno moja la kumwambia dada yake, alitafuta maneno mia nne ya kuwaambia wageni kuhusu mti wake. Aliwaambia mepo ule ulipandwa na mjane wa nahodha aliyepotelea baharini, kwamba alikuwa akikaa chini yake akingoja tanga litokeze, na kwamba ndiyo maana unakuwa mwekundu kabla ya miti mingine yote: ni machozi. Kina mama walilia. Kina baba waliwapiga picha kina mama wakilia.

Jumanne ya wiki ya pili ya Oktoba, Winona akampa habari pamoja na chenji yake. "Mkata miti alikwenda kwa Arvilla jana. Mepo umechorwa alama."

"Alama gani?"

"Msalaba wa rangi ya chungwa. Unafikiri alama gani, ya kuupa nishani?"

Verlin alirudi kwenye gari akakaa bila kuwasha injini. Mti ukianguka, safari imeanguka. Hakuna anayetoa dola mia nne kutazama misonobari. Misonobari unaitazama bure, hata usipotaka. Kulikuwa na njia moja ya kuuokoa mti, nayo ni kumwomba mwenyewe. Ili umwombe mtu sharti useme naye. Na ili aseme na Arvilla kulikuwa na neno lililopaswa kutangulia, lile lile lililomkwama kooni miaka kumi na moja kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo akafanya kama kawaida yake: akaenda nyumbani akapaka boti vanishi.

Alhamisi alikuwa na mteja mmoja, Dokta Pruitt, daktari wa meno mstaafu kutoka Ohio. Alikuja gatini na kamera shingoni, kofia mpya kichwani, na ameshika mkono wa bibi aliyejifunga skafu ya buluu. Verlin alimtambua kwa mwendo kabla hajaona uso.

"Nahodha, nimemleta mwenye nyumba wangu," alisema Dokta kwa furaha ya mtu asiyejua lolote. "Nimepanga chumba chake cha juu. Eti hajawahi kuuona mti wake kutoka majini. Miaka sabini na mitatu, unaamini?"

Verlin aliamini. Arvilla alikuwa akichafukwa na bahari hata akiwa ndani ya beseni la kuogea.

"Dokta," alisema Arvilla, "mwulize nahodha nikae wapi."

Dokta akatazama huku, akatazama kule. Walikuwa wamesimama wote watatu kwenye nafasi ya meza moja. "Anauliza akae wapi."

"Mwambie nyuma, karibu na injini. Hapatikisiki sana."

"Anasema nyuma."

"Nimesikia, Dokta. Mimi si kiziwi."

Wakaondoka gatini. Bahari ilikuwa shwari, lakini Arvilla alishika ukingo kwa mikono miwili kama mtu anayeamua ugomvi. Verlin alishika usukani na kukazia macho maji. Dokta, ambaye alikuwa amelipia maneno, akaanza kuyadai.

"Ile nyumba nyeupe, Nahodha? Mtandaoni wanasema kuna kisa."

Verlin alikohoa. "Ile, eh, ilijengwa na Nahodha Hezekiah Stover, mwaka elfu moja mia nane na kumi na moja. Kwa faida ya chai ya Uchina."

"Dokta, mwambie ilijengwa na fundi bomba," ilisema sauti kutoka nyuma. "Mwaka sabini na nne. Nilikuwepo. Alikuwa anakula sandwichi pale kwenye ngazi."

Dokta aliandika yote mawili. Ngome ya Waingereza nayo ikabainika kuwa ilikuwa ghala la barafu. Kwenye pango la maharamia, Arvilla alitaka nahodha aulizwe ni haramia gani huyo, yeye au binamu yao Elwood, maana waliokuwa wakificha bia mle ni hao wawili. Dokta Pruitt alicheka mpaka akavua miwani. Verlin alikuwa akitokwa jasho kwenye baridi ya Oktoba.

Ndipo wakazunguka rasi.

Mti ulikuwa umefika kileleni mwa rangi yake. Ulisimama peke yake mbele ya ule ukuta wa kijani, mwekundu mpaka macho yanauma, na maji chini yake yalikuwa mekundu vilevile. Shinani, usawa wa kifua, msalaba wa chungwa ulionekana wazi. Verlin akapunguza injini. Dokta aliinua kamera, akapiga picha, akaishusha.

"Sasa hapa," Dokta alisema mwishowe, taratibu kama yuko kanisani, "ndipo kile kisa cha mjane."

"Si lazima," alisema Verlin.

"Nimekingoja tangu Ohio."

"Dokta," alisema Arvilla, "mwambie asimulie. Mimi nami ni mjane, napenda kusikia."

Verlin alitazama usukani. Kisa alichokisimulia mara mia mbili kilimtoka kichwani chote. Alisema kulikuwa na mwanamke. Akasema alikuwa akingoja. Hapo akakwama.

"Mwulize alikuwa akingoja nini."

"Anauliza alikuwa akingoja nini," alisema Dokta, na sauti yake haikuwa tena na furaha ya asubuhi.

"Mwambie Jumamosi ile sikujua Royce alikuwa na hali gani."

"Mwambie Jumatatu alijua. Jumanne alijua. Mazikoni alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, akaondoka kabla ya chakula."

Dokta Pruitt alifunga daftari lake. "Mimi nimeng'oa meno miaka thelathini na nane," alisema. "Nimestaafu. Hili mtaling'oa wenyewe." Akachukua kamera, akaenda kukaa mbele kabisa ya boti, akawapa mgongo.

Verlin alitafuta mtu wa kumwambia amwambie. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na shakwe mmoja juu ya boya, naye akaruka.

"Nilikosa, Arvilla," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine. "Pale kanisani nilikosa, na baada ya pale nikakosa zaidi. Jumatano nilikuja. Nilifika kwenye ngazi."

"Nilikuona. Nilikuwa dirishani." Arvilla alikuwa akiutazama mti, siyo yeye. "Ulikuwa umeshika sufuria."

"Nilikuletea chakula."

"Chakula gani?"

Verlin alivua kofia, akaikagua ndani, akaivaa tena. "Maharagwe."

"Uliyapika wewe?"

"Hapana."

"Ya kopo?"

"Ya kopo. Nilipofika kwenye ngazi ndipo nikafikiri. Nikarudi nayo."

Arvilla alifunika uso kwa skafu na mabega yakaanza kutikisika. Verlin alidhani anatapika, akanyoosha mkono kuchukua ndoo. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akalia kidogo, akajifuta, akacheka tena. Dokta kule mbele alijikaza asigeuke, mtu wa watu.

"Miaka kumi na moja," alisema Arvilla, "nilikuwa nikijiuliza mle ndani mlikuwa na nini. Wewe ni mjinga, Verlin. Mama alisema tangu mwanzo, nami nikakutetea."

"Najua."

"Hujui. Na huyo mjane wa machozi umemtoa wapi? Mti alipanda baba, juu ya shimo la choo cha zamani, mwaka tulipoletewa bomba. Ndiyo maana ukanenepa vile."

"Hakuna anayelipa kutazama choo."

"Dokta," aliita Arvilla, "ungelipa kutazama choo?"

"Kwa mti kama ule, ndiyo," alisema Dokta, bado amewapa mgongo.

Verlin aliona mlango umefunguka kidogo, akaingiza mguu. "Sasa huo msalaba, dada. Lazima uukate?"

"Umeoza ndani. Mkata miti aligonga shina, likalia kama pipa tupu. Ukianguka na dhoruba ya Novemba, utalala kitandani kwangu. Anakuja kesho."

"Jumamosi nina watu sita. Kutoka Connecticut."

Arvilla alirudisha macho kwenye mti. Verlin aligeuza boti taratibu na kuanza kurudi, na akaachana na habari ya watu wa Connecticut, jambo ambalo wanaomfahamu hawatalisadiki. Walipofika kwenye mwamba, dada yake alianza. Alisema anapita karibu mno na mwamba. Alisema boti inanuka chambo. Alisema ndevu zile zinamfanya afanane na shangazi yao Philura, na kwamba Myrna alikuwa akiitaja Florida mwaka mzima kabla hajaondoka, kila mtu aliona isipokuwa yeye. Aliyasema yote moja kwa moja, uso kwa uso, bila kupitia kwa mtu. Verlin aliitikia "ndiyo" mara kumi na tisa, na wanaume wa gatini waliokuwa wakishusha kamba koche waliacha kazi kuangalia.

Akamshika mkono kumpandisha gatini. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka.

"Nitampigia mkata miti simu asije," alisema Arvilla, akijifunga skafu upya. "Jumapili baada ya ibada utaukata wewe. Uje na msumeno wako, wa Royce niliuuza. Na hao wa Jumamosi uwaambie habari ya choo. Nitakuwa barazani, na sauti yako inafika mbali."