Saa ya Afisa wa Kijerumani

Miaka ile kahawa ilipopanda bei, kila mpumbavu wa Bukoba alitaka kuvaa saa. Mimi pia niliitaka, lakini nilikuwa na kazi nayo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana ya Kilutheri upande wa Muleba, na kengele yetu ilipigwa kwa kukisia jua. Siku za mawingu, ambazo kwetu ni nyingi, somo la hesabu lilikula somo la kushona.

Saa mpya za madukani sikuzitaka. Dada yangu alinunua moja, ikafa kabla masika hayajaisha. Fundi saa mmoja wa Kihindi, ambaye nilizoea kukaa barazani kwake mjini nikisubiri lori la kurudi Muleba, alinishauri nitafute saa kuukuu ya Uswisi iliyotunzwa vizuri. Akanionyesha mambo ya kutazama, nami nikayashika.

Baba yangu mdogo alipopata habari, akatangaza kwamba mwanamke hanunui saa peke yake. Alikuwa mtu wa Kagoma, mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa, na koti la sufu ambalo halikumtoka mwilini hata jua la mchana likiwaka. Hakukuwa na jambo asilolijua. Akipima saa, aliiweka sikioni, akafumba macho, akatikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa na mgonjwa.

Basi akanipeleka Bukoba, kwa karani mmoja mstaafu aliyekuwa akiuza vitu vya kale. Yule karani alitupokea amevaa tai nyumbani kwake mwenyewe. Akatoa saa ya mkono kwenye kitambaa cheupe, akampa baba mdogo. Mimi hata hakuniangalia.

"Mzee," alisema, "hii ilikuwa ya afisa wa Kijerumani. Aliiacha hapa Bukoba alipowakimbia Waingereza. Haijafunguliwa tangu siku hiyo."

Baba mdogo akaiweka sikioni, akafumba macho. "Hii ni saa," akasema.

Ilinibidi ninyooshe mkono niichukue mwenyewe. Kasha lilikuwa limechubuka kila upande, na pale mkanda unaposugua, rangi ya dhahabu ilikuwa imetoka ikaacha shaba. Lakini uso wake ulikuwa mweupe kama sahani ya harusi. Uso wa saa huzeeka pamoja na kasha lake, kama mume na mke. Nilipotazama karibu niliona tarakimu zimechorwa upya kwa brashi: sita imelala, tisa inataka kuanguka. Mshale mrefu ulikuwa wa buluu na mfupi mweusi, dhahiri umetolewa kwenye saa nyingine.

"Naomba uifungue nyuma," nilisema.

Karani akamwangalia baba mdogo. "Binti yako anaogopa kudanganywa?"

"Amesoma," alijibu baba mdogo, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa ugonjwa wa ukoo.

Karani akaibandua kwa ncha ya kisu. Ile saa isiyofunguliwa tangu Wajerumani ilikuwa na skurubu zilizotafunwa na bisibisi hadi vichwa vikapotea. Na ndani ya mfuniko palichongwa maneno ya Kiingereza, ya kumshukuru kapteni kwa utumishi wake mwema.

"Mjerumani gani huyu," niliuliza, "aliyepewa zawadi kwa Kiingereza?"

Karani hakupepesa macho. "Alikuwa msomi."

"Wajerumani walisoma sana," alisema baba mdogo.

Karani alitaka shilingi mia mbili. Nikamwambia hapo pana kasha bovu, mkanda mzuri, na vyuma vya saa tatu tofauti. Arobaini ningempa, na hizo kwa ajili ya mkanda. Akacheka, akamgeukia baba mdogo. "Mzee, saa hii si ya kila mtu. Inataka mtu anayejua."

Hayo tu yalitosha. Baba mdogo akatia mkono kwenye koti, akatoa fedha za kahawa, akainunua yeye. Njiani, kila tulipokutana na mtu alikunja mkono wa koti, jua likiwaka vile.

Ilisimama kabla ya Krismasi. Alisema imepumzika. Baadaye alisema imeingiwa na upepo wa ziwa alipokwenda Goziba kununua samaki wakavu. Lakini hakuivua. Mtu akimwuliza saa, kwanza alitazama jua, kisha akatazama mkono, kisha akajibu. Karani alikuwa amekwisha hamia kwingine.

Saa yangu niliipata Izigo, kwa mjane wa askari aliyepigana Bama katika vita vikuu vya pili. Mumewe alikuwa amepewa na afisa wake, na mjane aliihifadhi ndani ya kopo la chai. Uso ulikuwa umegeuka manjano kama jino la mzee, na mishale yote miwili ilikuwa na kutu ya aina moja. Nyuma, skurubu zilikuwa safi. Nilipoitia ufunguo iliitikia taratibu, bila kukwaruza, ikaanza kutembea.

"Shemeji yangu anasema ni chuma kuukuu," alisema yule mama. "Ameahidi kunipa thelathini."

"Shemeji yako ameiona ndani?"

"Ameiona sana, waitu," alijibu kwa adabu ya kwetu. "Kila Jumapili anakuja kuiona."

Nikamwambia saa hii ni ya kweli, bei yake ya haki ni mia moja na kumi, nami nitatoa mia moja kwa sababu lazima isafishwe. Akanikazia macho kama anayetafuta ujanja umejificha wapi, kisha akafunika kopo na kunipa mkono.

Baba mdogo alipopata habari alisikitika sana. "Mtu ameahidiwa thelathini, wewe unampa mia," alisema mbele ya wenzake, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikizunguka. "Ndiyo maana nilitaka kukusaidia." Wote wakaitikia kwa vichwa. Niliwaangalia mmoja mmoja, wazee wenye vibanja na makoti, nikatazama saa yangu, nikaaga.

Muhula uliofuata nilipita Izigo kumsalimu yule mama.

"Shemeji alikuja na thelathini yake," aliniambia.

"Ukamwambiaje?"

"Nikampa kahawa atafune, kama mgeni yeyote. Akatafuna, akaenda zake."