Boksi Alilofunga Mwenyewe

Ninahamisha watu. Lori ni langu, na mkataba niliandikiwa na mwanasheria baada ya kioo cha mteja mmoja kunitia adabu. Ndani yake mna kifungu ninachokipenda kuliko vyote: boksi alilofunga mteja mwenyewe, kikivunjika kitu, sisi hatumo. Ila tukilifungua na kulipanga upya, limekuwa letu. Kwa hiyo kanuni yangu kazini ni fupi: usiguse.

Mwaka huu nilimhamisha mama mmoja wa Tanga kutoka mtaa wa Vickery Meadow kwenda kwa binti yake, Sugar Land, nje kidogo ya Houston. Alinikaribisha kwa chai na maandazi kana kwamba nimekuja kuposa, akasaini karatasi bila kuisoma.

"Nisome nini, mwanangu? Si wewe!"

Kisha akanionyesha boksi la vikombe vya kaure alivyonunuliwa na marehemu mumewe. Kutoka Dar alivipakata kwenye ndege safari nzima. Sasa alikuwa amevizungushia kanga zake zote.

Nilipoliinua nikasikia kitu kizito kikibingirika ndani. Nikamuuliza ni nini.

"Kinu changu cha vitunguu saumu. Nimekiweka humohumo, si kanga zipo?"

Nilijua palepale kitakachotokea. Kukitoa kile kinu ilikuwa kazi ndogo mno. Lakini kukitoa ni kufungua, na kufungua ni kuwajibika. Nikasema, "Haya, mama," nikalipakia. Njia nzima mpaka Houston nilijipa moyo kwamba mkataba ni mkataba.

Alilifungua sebuleni kwa binti yake, mbele yangu. Hakikubaki kikombe kizima. Binti akaisoma ile karatasi.

"Mom, ulisaini hii? Basi hatuwezi ku-claim kitu."

"Nimdai nini mtoto wa watu? Nimefunga mwenyewe." Akanigeukia, machozi yanamlengalenga. "Pole, mwanangu, nimekutia msukosuko."

Yaani yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona aibu, na bado naiona.

Akachutama, akaanza kukusanya vigae na kuviweka kwenye kanga.

"Hebu niambie, wewe ndiyo kazi yako," akasema. "Nilikosea wapi?"

"Ni barabara tu, mama," nikamjibu.

Akaniamini.