Wimbo Usioitikiwa

Nakumbuka alasiri moja mjini Sur, mwanangu, joto la kiangazi limewafungia watu wote ndani, nami nimepiga magoti juu ya zulia la Khalti Zuweina, kidole kiko kwenye kitufe cha redio kaseti. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa kike, kijana bado, nimetoka kwetu Ibra kwenda kusomesha huko, na maradhi yangu yalikuwa nyimbo. Kila kanda ya nyimbo za mashamba na za wapanda ngamia iliyouzwa sokoni nilikuwa nayo, lakini zote zilikuwa za wanaume. Za wanawake hazikupata duka. Zilikaa vinywani mwao tu, na vinywa vile vilikuwa vinazeeka.

Khalti, ndivyo tulivyomwita mtaa mzima, kama mtu amwitavyo mama yake mdogo, alikuwa mwimbaji wa harusi. Alizaliwa Sur, mama yake pia alizaliwa Sur, na Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji. Sisi tulizungumza kwa Kiarabu. Hata hivyo baadhi ya nyimbo zake zilikuwa za Kiswahili. Alizirithi kwa bibi yake, naye bibi alizirithi kwa mtu aliyeletwa kutoka ng'ambo zamani sana. Maneno aliyashika bila kuyafahamu, moja baada ya moja, kama shanga za tasbihi.

Siku ile, baada ya nyimbo tatu nne za harusi, alikaa vizuri akazima kiyoyozi.

"Huu unaofuata si wa kuchezea," alisema. "Ni wa mtu aliye mbali. Bibi yangu kaniambia, ukifika mwisho kila mmoja azibe mdomo wake. Kimya kikikaa, mtu wenu mzima. Akisikika wa kuitika, kaeni matanga."

"Mmewahi kuitikiwa?" niliuliza.

"Hatujawahi," alisema jirani yake aliyekuja na birika la kahawa. "Na wewe mwalimu usitutakie."

Nilijua wimbo ule ni wa nani. Mwanawe wa pekee, Khalfan, alikwenda kutafuta kazi nchi jirani, akawa anapiga simu, kisha simu zikakatika. Tangu hapo Khalti alikuwa akiuimba kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Mwenyewe alisema ndiyo habari pekee aipatayo kwa wiki.

Akaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imekwaruzika, haina haraka. Maneno yalikuwa yameliwa kingo kwa kupita vinywa vingi, lakini mimi nililelewa na Bibi yangu aliyehamia Ibra kutoka Unguja mjini, kwa Kiswahili cha huko, na yakanifikia yote:

Mwana we, mwana wa mgongoni,
mama nakwita, uko nchi gani?
Ukiwa hai ninyamazie,
ukiwa mfu niitikie.

Khalti na jirani yake waliziba midomo kwa viganja vyao. Mikono yangu mimi ilikuwa imeshika redio kaseti. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ile ndipo nilipousikia mshindo wenyewe. Hapakuwa na mbuzi nje, hapakuwa na gari, palikuwa na utepe tu unaozunguka. Kisha Khalti akashusha mkono, akasema, "Alhamdulillahi," na kahawa ikamiminwa. Aliniomba Ijumaa ya pili nimletee kanda aisikie sauti yake, maana hakuwahi kuisikia maishani.

Nilipofika chumbani kwangu, jua bado halijatua, nikaicheza. Wimbo ukapita. Mwisho ukafika. Na ndani ya kile kimya, karibu sana, kwa upole, sauti ikasema:

"Labeka."

Nilirudisha utepe nikacheza tena, mwanangu, halafu tena. Sauti haikuondoka. Nikatoka nikakaa kizingitini pa mlango, mgongo kwenye ukuta wa moto, nisiweze kurudi ndani ya chumba changu mwenyewe. Nilimfikiria Khalti akiisikia. Labeka ni neno la Kiarabu kabla halijawa letu. Angelifahamu bila ya mkalimani. Angekaa matanga ya mwanawe siku ile ile.

Alhamisi nilipanda teksi hadi Ibra kwa Bibi yangu. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikatoa shikamoo, akapokea, nikamweleza, nikabonyeza kitufe. Bibi alisikiliza ungo ukiwa mapajani, uso wake haukubadilika.

"Hebu irejeshe."

Nikairejesha.

"Sauti yako hii."

"Bibi, wallahi sikufungua mdomo."

"Nani kakuuliza mdomo? Ulipokuwa mdogo nikikwita ukiitika na huku umelala, wala huamki. Mwanamume huitika naam, mwanamke labeka. Mama kamwita mwana kwa Kiswahili, na nyumba nzima aliyefahamu ni weye peke yako. Aitike nani tena, paka?"

Ningecheka kama ningeweza. "Basi naifuta pale mahali," nikasema. "Nimpelekee ikiwa safi."

Hapo ndipo aliponikaripia, na karipio lake ninalo mpaka leo. Aliweka ungo chini. "Utampelekea kimya cha kutengeneza," alisema. "Yule maskini hana kitu mkononi ila kimya chake. Ukimpa cha uongo, kile cha kweli atakisikiliza kwa masikio gani? Hayo mambo ya kanda mimi siyajui. Neno limekuponyoka mdomoni, nenda ukalichukue kwa mdomo."

Ijumaa nilimkuta Khalti ameshatandika, jirani hakuwapo. Nilimwambia kabla sijacheza kwamba mwishoni kuna sauti, na sauti ni yangu. Aliniashiria nibonyeze. Aliposikia uimbaji wake alicheka, "Huyu ni mimi? Mbona kama mbuzi mwenye kiu?" Kisha kimya kikaja, na lile neno, na kicheko kikaondoka usoni pake chote.

Nikaanza kueleza. Kueleza ndiyo kazi yangu, mwanangu, na nilidhani hakuna fundo lisilofunguka kwa maelezo mazuri. Nilimweleza kwamba katika malezi yetu mtoto wa kiume husema naam, na labeka ni ya mtoto wa kike, kwa hiyo hawezi kuwa Khalfan.

"Huko kwenu," alisema. "Hapa hata dume lenye ndevu husema labbeih, ndiyo labeka yenu, kwa mama yake. Khalfan akiitika vivyo hivyo. Taratibu. Vivyo hivyo."

Akasogea, goti kwa goti, akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Kilikuwa kikavu, kinanuka udi. "Usifanye chochote," alisema, akaimba.

Niliazimia kuwa jiwe. Nilijua kila ubeti na nilijua mwisho wake. Lakini alipofika pale, mwana akaitwa, kimya kikashuka juu yetu, nilihisi ulimi wangu unainuka wenyewe. Pumzi ilipanda na joto lake ikagonga kiganja. Khalti aliihisi. Akaukaza mkono, neno likafia pale pale, na tukangoja mpaka kimya kilipokwisha.

Alipouondoa mkono aliutazama, akaufumba.

"Ni wewe," alisema. "Ewe binti, ni wewe." Akalia, na ndani ya kilio kile mlikuwa na kicheko.

Unataka kujua kama Khalfan alirudi. Mimi nilihamishiwa Nizwa baadaye, na mpaka naondoka hakurudi wala haikuja habari. Kila Ijumaa niliyobaki Sur Khalti aliuimba, na aliniziba mdomo mwenyewe. Na kila Ijumaa, mwanangu, ulimi uliinuka.

Sasa nisikilize. Leo nyote mna simu za kurekodia, na mnanitajia nyimbo za wazee kama vitu vya kuokota. Ziokoteni, nafurahi sana, hata kama ngeli zenu zinanichekesha. Lakini kabla hujaimba wimbo wa mtu, uliza ulikuwa wa kazi gani, na nani ndani yake hutakiwa kunyamaza. Usidhani lugha uliyolelewa nayo imekutoka kwa sababu huisemi. Ipo, nayo ina adabu zake, itunze kabla haijakutangulia kuitika. Na ukiharibu jambo la mwenzio, usilisafishe kwa siri ukamrudishia likimetameta. Mwendee nalo kama lilivyo, ukae mbele yake, hata kama maelezo yako hayatatosha.

Mwenyezi Mungu akupe wakubwa wa kukukaripia na moyo wa kuwasikiliza. Akuhifadhie kila aliye mbali nawe, na maji ya falaji, mfereji wetu wa mashamba, yasikatike kwenye shamba la watoto wako. Amin.