Besi ya Benaouda Inayokimbia

Benaouda, karani wa posta mjini Oran, alikuwa mtu asiyetulia. Kahawa aliinywa amesimama, foleni ya mkate ilimtia wazimu, na gitaa lake la besi, alilolipiga katika bendi ya harusi kwa miaka kumi na mitano, lilikuwa na pupa ileile. Wimbo ukifika katikati, besi iko mbele, wenzake wanahema nyuma.

"Shemeji, unapiga au unafukuzwa?" aliuliza Miloud, mpiga ngoma, kaka wa mkewe. "Harusi kwa Haji Bekhada ni Alhamisi ijayo. Ukikimbia tena, tunamchukua yule bwana wa Arzew apige besi."

Maneno yalimchoma. Akaazima metronomu kwa mwalimu mstaafu wa muziki: kisanduku cha mbao chenye fimbo inayoyumba ikigonga ta, ta, ta, ili mpigaji asipoteze mwendo. Kila alasiri, mji umelala kwa joto, alipanda nayo kwenye paa la zege, akaitua sakafuni, akapiga. Mwendo wa haraka aliumudu. Wa polepole ndio uliomtesa. Kati ya pigo na pigo palikuwa na kimya kirefu kama alasiri ya mfungo, na vidole havikukubali kungoja. Alitukana, akaanza upya.

"Mwanamume mzima unagombana na kisanduku!" Setti, mkewe, alicheka huku akianua nguo.

"Kinanicheka hiki! Wewe hukisikii?"

Siku ya tatu vidole vikakubali. Akamwita Miloud, akampigia kwa majivuno. Miloud alisikiliza, akakuna kidevu.

"Kweli hukimbii. Sasa unachechemea."

Miloud akainamia kisanduku. Ta-ta, kimya, ta-ta, kimya. Paa lilikuwa limejengwa kwa mteremko ili maji ya mvua yatoke. Metronomu ilisimama upande, na Benaouda alikuwa amejifunza kilema chake. Alitaka kuitupa barabarani. Setti akamwahi, akasukuma kiberiti chini ya upande mmoja mpaka milio ikalingana. Zilibaki siku nne.

Harusini, nyimbo mbili za mwanzo besi ilikaa kwenye mwendo. Katika wimbo wa tatu, bibi harusi akaingia, vigelegele vikapaa, moyo wa Benaouda ukaruka na vidole vikaufuata. Ila safari hii alijisikia akikimbia. Akaliacha pigo moja lipite bila kuligusa, akateseka kama mtu anayezuia chafya, kisha akarudi penye ngoma.

Wakati wa kula, Miloud alimsogelea.

"Ulipotea."

"Nikarudi."

"Ukarudi," Miloud alikubali, akimega mkate. "Mazoezi Jumapili."

Yule bwana wa Arzew hakuitwa. Katika nyimbo zilizobaki Benaouda alikimbia mara mbili zaidi, akajirudisha mara mbili, na walipomaliza mabega yalimuuma kama ya mchukuzi.